Gwaride la utambulisho: nitakuwa namtambua mtu wa usiku ule au mtu wa picha?

Mama Zuhura

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu habari zenu. Naomba mawazo, hasa kwa waliowahi kufanya kazi ya polisi au mahakama.

Wiki kadhaa zilizopita nilivamiwa usiku nikifunga mlango wa duka. Walikuwa wawili. Mmoja alibaki nyuma yangu, huyo sikumwona kabisa. Wa pili alinikaba kwa mbele, kisu shavuni, akawa ananong'ona "toa yote, usipige kelele". Taa ya barazani ilikuwa mgongoni kwake, kwa hiyo uso wake ulikuwa kwenye kivuli. Polisi nilieleza hivi: kijana, mwembamba, amenizidi urefu kidogo, maji ya kunde, ndevu chache. Basi. Kovu sikusema, pengo sikusema, kwa sababu sikuona.

Juzi askari akanipigia: "Mama, yule mtu wako tumemkamata, jiandae uje umtambue kwenye gwaride." Yaani mshukiwa anapangwa mstari na watu wengine, mimi nimguse ninayemtambua. Hata simu sijaiweka chini, picha ikaingia kwenye kundi la WhatsApp la majirani. Kijana amekalishwa chini, mikono nyuma, na maneno "huyu ndiye aliyemvamia Mama Zuhura". Nimeshaiona, haifutiki kichwani.

Kinachonichanganya ni hiki. Usiku ule nisingeweza kuapa. Sasa hivi nikifumba macho namwona yeye, tena namwona na kovu lake juu ya nyusi. Kovu hilo kwenye maelezo yangu halimo. Nikienda kusimama mbele ya gwaride nitakuwa namtambua mtu wa usiku ule au mtu wa picha? Na nikisema sina uhakika, si wataona nimehongwa? Mume wangu anasema nikamguse tu, polisi hawakamati mtu bure.

Kidume wa Kona

Pole sana mama. Ila usijitie mashaka bure. Uso wa mtu aliyekushikia kisu hausahauliki mpaka unaingia kaburini. Hofu inauchora. Hiyo picha imekukumbusha tu kilichokuwemo. Nenda kamguse, haki ichukue mkondo wake.

Mkaguzi Mstaafu

Marahaba mama, na pole kwa yaliyokukuta. Nimesimamia magwaride miaka mingi kabla ya kustaafu, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu, mnivumilie.

Nianze na kijana wangu hapo juu, maana anayosema ndiyo niliyoyasikia kazini kila siku, hata kwa maofisa wenzangu. Hofu haichori uso. Mwaka 2004 kundi la watafiti likiongozwa na daktari Charles Morgan lilichapisha utafiti juu ya wanajeshi wa Marekani zaidi ya 500 waliokuwa kwenye mafunzo ya kujiandaa na kutekwa. Waliwekwa mbele ya mhojaji uso kwa uso, zaidi ya nusu saa, mwanga upo. Kila mmoja alihojiwa mara mbili, na watu tofauti: mara moja kwa upole, mara moja kwa ukali wa kusukumwa na kukunjwa. Baadaye wakapangiwa gwaride. Waliomtafuta mhojaji mpole walipatia kama asilimia 62. Waliomtafuta mkali, asilimia 30. Hao ni askari, vijana, wana afya, na walikaa na huyo mtu muda mrefu kuliko ulivyokaa wewe na mvamizi wako. Mwili ukiwa kwenye kuokoa roho hauna nafasi ya kuhifadhi pua ya mtu.

Kisu nacho. Mwanasaikolojia Elizabeth Loftus na wenzake mwaka 1987 waliwaonyesha watu picha za mteja mgahawani, wakawa wanafuatilia macho yao yanatua wapi. Mteja akiwa ameshika hundi, macho yanatembea. Akiwa ameshika bunduki, macho yanarudi kwenye bunduki kila mara, na uso wake baadaye unakumbukwa vibaya zaidi. Wewe mwenyewe nikikuuliza kisu kilikuwa na mpini wa rangi gani, nina hakika utanijibu haraka kuliko nikikuuliza masikio yake yalikuwaje.

Sasa hiyo simu. "Yule mtu wako tumemkamata." Askari huyo huenda alitaka kukupa moyo, lakini hiyo kauli haikutakiwa kutoka mdomoni mwake. Kanuni hii ni ya zamani kuliko mimi. Mwaka 1936 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, kwenye shauri la Mwango mwana wa Manaa, iliorodhesha masharti ya gwaride, na mojawapo ni kwamba shahidi aambiwe ataonyeshwa kundi la watu ambalo huenda mshukiwa yumo au hayumo. Asiambiwe "mtoe mtu". Wazee wale walielewa bila maabara kwamba ukimwambia mtu mwizi yumo, hatatafuta aliyemwona. Atatafuta anayefanana zaidi kuliko wenzake, na kwenye kila mstari wa watu kuna mmoja anayefanana zaidi kuliko wenzake.

Kubwa kuliko yote ni picha. Hapa mashaka yako ni ya kweli kabisa, na kuna kesi inayofanana na yako hadi inatisha. North Carolina, Marekani, 1984. Mwanafunzi wa chuo alibakwa chumbani kwake na, tofauti na wewe, alijilazimisha kuukariri uso wa yule mtu ili akinusurika aje amfunge. Polisi wakampa picha, akachagua ya Ronald Cotton, akisitasita. Baadaye wakapanga gwaride la watu hai. Katika wote waliosimama pale, ni Cotton peke yake ambaye picha yake alikuwa ameshaiona. Akamchagua tena, akaambiwa ndiye yule yule wa kwenye picha. Kuanzia hapo hakusita tena. Kesi iliporudiwa mwaka 1987, mtu mwingine aliyekuwa akishukiwa, Bobby Poole, aliletwa mbele yake mahakamani, akasema hajawahi kumwona. Mwaka 1995 vipimo vya vinasaba (DNA) vikasema ni Poole. Cotton alikuwa amekaa ndani zaidi ya miaka kumi.

Yule dada hakudanganya hata neno moja. Hili ndilo lililonichukua muda mrefu kuwaeleza vijana niliowafundisha. Walikuwa wamefundishwa kumnusa shahidi mwongo, na shahidi wa namna hii hana harufu. Analia kweli, anaapa kweli, na ukimtazama usoni unamwamini. Kumbukumbu ni kama unyayo kwenye tope: mguu wa kwanza unaopita juu yake baada ya mhalifu unauharibu, na hata ukimwaga saruji baadaye, utapata umbo la kiatu safi kabisa, ila si cha mhalifu. Kovu unaloliona sasa ni la kiatu cha WhatsApp.

Niseme kidogo jinsi gwaride linavyoharibika hata kama hakuna picha iliyosambaa, kwa sababu watu wanadhani ni suala la kupanga watu mstari basi. Mshukiwa ametoka mahabusu. Mkanda kavuliwa, kamba za viatu zimetolewa au hana viatu kabisa, shati limelala naye sakafuni, hajanyoa. Wenzake nane mmewaomba barabarani dakika ishirini zilizopita, mmoja ana saa mkononi, mwingine ana soksi nyeupe. Shahidi anaingia na kabla hajatazama nyuso, miguu imeshamwambia. Mimi nilikuwa naamuru wote wavue viatu, mikanda wakabidhi mezani, mashati yachomolewe. Kama mshukiwa amevimba mdomo, kila mtu plasta mahali hapohapo. Walinung'unika sana, hasa wale wa barabarani wenye haraka zao. Na kujaza mstari kwa askari waliovaa kiraia nilikataa, maana askari hata umvishe kanga anasimama kiaskari, visigino vimekutana, na mshukiwa peke yake ndiye anayetazama chini.

Kuna jaribio rahisi la kupima kama mstari ni wa haki, na wanasaikolojia wanalitumia tangu miaka ya sabini. Unachukua mtu ambaye hakuwepo kwenye tukio, unamsomea maelezo ya shahidi tu, "kijana, mwembamba, maji ya kunde", halafu unamwambia achague. Kama watu wasioona chochote wanamchagua mshukiwa mara nyingi kuliko bahati nasibu, basi hapo hakuna gwaride, kuna maonyesho.

Mama, ushauri wangu. Kabla ya gwaride, siyo baada, mwambie ofisa anayelisimamia kwamba umeona picha, kutoka wapi, siku gani, na usiifute kwenye simu. Omba iandikwe. Mwambie na kauli ya simu. Kisha akili yako ielewe kwamba "simwoni" na "sina uhakika" ni majibu kamili. Na ukisema lolote, lisemwe na liandikwe kwa maneno yako hayohayo. "Anafanana" si sawa na "ndiye".

Hasira za Raia

Mzee nakuheshimu, lakini kwa mtindo huu wahalifu wote watatoka. Usiku hakuna mwanga, wana visu, shahidi kaogopa, kwa hiyo ushahidi wake takataka? Basi tufunge vituo twende kulala. Mimi ndugu yangu aliumizwa na watu wakaachiwa kwa "utambuzi hafifu". Anayeteseka ni mwathirika tu.

Mkaguzi Mstaafu

Pole kwa ndugu yako, na hasira yako naielewa. Lakini tazama upande wa pili. Kirk Bloodsworth wa Maryland alihukumiwa kifo mwaka 1985 kwa mauaji ya mtoto, mashahidi watano walisema walimwona. Watano, siyo mmoja. Vinasaba vilimtoa mwaka 1993. Miaka kumi baadaye, 2003, vinasaba hivyo vikamfikia muuaji mwenyewe, na kumbe mtu huyo alikuwa amekaa gereza moja na Bloodsworth kwa kosa jingine. Kila unapomfunga asiye mwenyewe, jalada linafungwa na hakuna anayemtafuta mwenyewe tena. Mwathirika hapo kapata nini?

Sijasema ni takataka. Nimesema ushahidi huu unaharibika haraka, kama damu kwenye nguo usipoitunza. Mwaka 2017 wanasaikolojia John Wixted na Gary Wells, ambao kwa miaka hawakuwa wakikubaliana kila kitu, waliandika pamoja kwamba gwaride likipangwa vizuri, uhakika anaouonyesha shahidi mara ya kwanza kabisa una maana kubwa. Akisema papo hapo "ndiye, nina hakika", mara nyingi yuko sahihi. Akisita mara ya kwanza halafu akawa na hakika mahakamani mwaka mmoja baadaye, huo uhakika wa mahakamani si chochote. Na hakimu anaona nini? Anaona wa mahakamani.

Wells huyo huyo na Amy Bradfield walikwisha kuonyesha uhakika unavyopikwa. Mwaka 1998 waliwaonyesha watu video hafifu ya mtu mwenye bunduki, wakawapa picha za kuchagua, yeye hayumo hata moja. Kila aliyechagua kakosea. Kisha wakawaambia baadhi yao "vizuri, umemtambua mshukiwa". Sentensi hiyo moja iliwafanya waseme walikuwa na uhakika zaidi, waliona vizuri zaidi, hata walikuwa makini zaidi. Yaani pongezi ya sekunde mbili inarudi nyuma na kuwasha taa ambayo usiku ule haikuwepo. Ndiyo maana nilikuwa namwambia askari anayemsindikiza shahidi: mtoe nje kimya, hata "asante mama" iwe ya sauti moja kwa wote.

Wakili Kijana

Shikamoo mzee. Nimejifunza, hasa hapo kwenye viatu. Sijawahi kufikiria kuuliza kuhusu viatu, nitaanza.

Niongeze ya mahakamani. Mama Zuhura, hata ukimgusa mtu, hakimu hataishia hapo. Mahakama ya Rufani ya Tanzania kwenye kesi ya Waziri Amani, 1980, ilisema utambuzi wa macho ni ushahidi dhaifu, na hautumiki mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa. Kwa hiyo utaulizwa: ulimtazama muda gani, umbali gani, mwanga ulitoka wapi na ukali wake, ulikuwa unamjua kabla? Uingereza nao mwaka 1976 kwenye kesi ya Turnbull walifika mahali hapohapo, na wao walisukumwa na aibu zao. Adolf Beck alifungwa mwaka 1896 kwa utapeli, wanawake kadhaa wakisema ni yeye, akatiwa hatiani mara ya pili mwaka 1904 kabla mwenyewe hajapatikana. Fujo hiyo ilichangia kuanzishwa kwa mahakama ya rufani ya jinai kule mwaka 1907.

Kitu mimi ninachokitafuta kwanza kwenye jalada si fomu ya gwaride. Ni maelezo ya kwanza ya shahidi. Mama alisema "kijana, mwembamba, ndevu chache", hakuna kovu. Akija mahakamani na kovu, nikiwa upande wa utetezi nitauliza swali moja tu: kovu lilizaliwa lini? Kwa hiyo, mama, usije ukaliongeza kwa kulazimishwa na mtu yeyote. Maelezo yako yaache yalivyo.

Na Hasira za Raia, kaka, kati ya watu zaidi ya 350 waliosafishwa kwa vinasaba Marekani kwa hesabu za Innocence Project, shirika la huko linalotetea waliofungwa kimakosa, karibu asilimia 70 walikuwa na shahidi aliyekosea mtu. Na hizo ni kesi zilizobakiwa na kitu cha kupima. Wizi kama wa mama Zuhura haubakizi manii wala damu. Huko makosa hayahesabiki.

Kidume wa Kona

Nimesoma yote. Sawa, nimeelewa kuhusu picha. Ila swali: kwa nini wasiwe wanaleta mtu mmoja tu, wamuulize "ni huyu?" Si haraka zaidi?

Mkaguzi Mstaafu

Ndiyo mbaya kuliko zote, kijana wangu. Kwenye mstari wa watu tisa, shahidi anayebahatisha ana nafasi kubwa ya kumgusa mtu wa barabarani, na wewe msimamizi unajua papo hapo kwamba anabahatisha. Wale nane ndio kipimo chako. Ukileta mmoja, kila anayebahatisha anaangukia kwa mshukiwa, hutajua kamwe. Uingereza siku hizi hawapangi watu kabisa kwa kawaida, wanatumia video fupi za nyuso, mshukiwa na wengine wasiopungua wanane, shahidi anazitazama zote angalau mara mbili kabla hajajibu, na anayesimamia ni ofisa asiyehusika na upelelezi wa kesi hiyo. Hili la mwisho ndilo ningelipigania hata kwenye kituo chenye askari wachache. Mpelelezi anayejua nani ni nani, hata akifunga mdomo, atahema tofauti shahidi akimkaribia mtu wake.

Mama Zuhura

Asanteni sana jamani, Mungu awabariki. Leo asubuhi nimekwenda nikamweleza mkuu wa upelelezi kuhusu picha na ile simu. Mwanzoni alikunja uso, akaniuliza nani kanifundisha. Baadaye akaandika, nikasaini, simu yangu wakapiga picha ile ya kwenye kundi na muda ilipotumwa. Amesema hataniita kwenye gwaride, watategemea vitu vilivyokutwa kwa yule kijana, kwani kuna simu na pochi, na pochi yangu ina jina la binti yangu limeandikwa kwa kalamu ndani. Mume wangu bado ananuna.

Nina moja la mwisho. Sauti. Ule mnong'ono naukumbuka, na sauti yake hakuna aliyeituma kwenye kundi. Ningeweza kuomba nimsikie?

Mkaguzi Mstaafu

Unaweza kuomba, na kanuni zilezile za 1936 zinaliruhusu: shahidi akitaka kumsikia mtu akiongea, au kumwona akitembea au akiwa na kofia, aonyeshwe, na kwa tahadhari wote mstarini waombwe kufanya vilevile. Wote wanong'one maneno yaleyale, wewe ukiwa umegeuzia kisogo ili uso usije ukajibu badala ya sikio. Lakini nikwambie ukweli, sauti ya mtu usiyemjua inapotea kichwani mapema kuliko uso, na mnong'ono unaficha karibu kila kinachotofautisha koo moja na jingine. Mimi ningekuwa msimamizi ningeandika kwamba umeomba, ningefanya, na jibu lako ningelipa uzito mdogo sana. Hiyo pochi yenye jina la binti ndiyo ya kuishikilia. Hakikisha wameiorodhesha kwenye hati ya vitu vilivyokamatwa na mashahidi huru wamesaini, na usiishike kabla hujaieleza kwa maneno: rangi, zipu, jina limeandikwa upande gani.